Peni ya Jabez Orbell

Lincoln, 14 Aprili 1962

Dada yangu Enid,

Habari za Hobart? Kifua cha Baba kinaendeleaje? Sisi hatujambo. Hester alishikwa na mafua mwezi mzima, ila juzi nimemkuta anasugua ngazi ya mlangoni huku akigombana na jirani juu ya paka, nikajua amepona. Kazini ni vilevile. Nakata tiketi za treni, na abiria bado wananiuliza natoka nchi gani, kama vile sikuoa hapa na kukaa hapa tangu vita viishe.

Sasa kaa chini, nina jambo la kukusimulia.

Jumamosi nilikwenda sokoni kwa yule mzee wa vitu vya kale. Unajua ugonjwa wangu. Nilikuwa nachakura trei yake, medali za vita vya Waterloo zimechanganyika na zile sarafu za shaba ambazo wenye maduka walijitengenezea zamani, serikali ilipokuwa haina chenji ya kutosha. Chini kabisa nikaona peni kubwa, ile sarafu nzito ya shaba ya enzi ya Mfalme George wa Tatu. Sura ya mfalme mwenyewe haipo. Mtu kaisugua pande zote mbili mpaka ikawa laini, kisha akachonga maneno kwa ncha ya chuma, nukta baada ya nukta. Sisi wakusanyaji tunazijua hizi. Zilitengenezwa na wafungwa waliokuwa wakingoja meli ya kuwapeleka huko kwenu Hobart, enzi hizo koloni la adhabu. Waliwaachia jamaa zao, maana walijua hawarudi.

Upande mmoja pameandikwa: *Jabez Orbell, miaka 19, 1831.* Upande wa pili: *Mama, usinionee haya. Nikumbuke nikiwa mbali.*

Jabez Orbell, Enid! Babu yake Baba! Niliyasoma kwa sauti tena na tena mpaka mzee akaniuliza kama nataka maji.

Muulize Baba. Halafu niandikie upesi.

Ndugu yako,
Lionel

*

Hobart, 6 Mei 1962

Mpendwa Lionel,

Barua yako imefika salama. Poleni na mafua. Huku baridi imeanza, matofaa tumemaliza kuchuma na miguu inaniuma kwa kusimama jikoni nikipika jemu. Baba anakohoa asubuhi tu. Anakula vizuri, analalamika vizuri.

Nina habari njema. Mpwa wako Beryl amechumbiwa! Kijana anaitwa Clement Hadlow, mpole, ana nywele nyekundu. Ukoo wao ni wa watu wakubwa hapa. Babu yao alikuja kama ofisa, na picha yake imetundikwa sebuleni kwao kubwa kama mlango. Mama mtu ana glavu za kulingana na kila gauni. Mara ya kwanza nilipokwenda kwao nilikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Harusi ni Februari.

Kuhusu ile peni. Akina Orbell ni wengi huko Uingereza. Babu Jabez alikuwa seremala, alikuja kwa hiari yake, kwa nauli yake, na sanduku lake la zana begani. Baba ametusimulia hivyo tangu tukiwa wadogo. Sioni sababu ya kumhoji mtu wa miaka themanini na sita juu ya mambo aliyokwisha kuyasema.

Naomba usimwandikie yeye habari hiyo. Naomba pia usiitangaze.

Msalimie Hester. Nimewafumia soksi, zitakuja kwa meli.

Enid

*

Lincoln, 17 Juni 1962

Dada Enid,

Hongera sana kwa Beryl! Mwambie mjomba wake amecheza dansi jikoni kwa furaha, na Hester akamwambia akae chini asije akavunja sahani. Soksi hazijafika, lakini ahsante.

Huku jua limetoka wiki nzima na watu wote wamekuwa wekundu. Nilichukua likizo ya siku mbili, nikaenda kwenye ofisi ya kumbukumbu za mahakama. Ni yeye, Enid. Jabez Orbell wa kijiji cha Marleby. Hicho hicho Marleby ambacho Baba hukitaja, chenye kanisa lililopinda mnara. Kazi yake, mwanafunzi wa useremala. Kosa lake, kuiba koti na viatu vya tajiri wake. Adhabu, miaka saba ng'ambo. Hakujilipia nauli yoyote, masikini, labda ya kwenda mahakamani.

Nililieleza jambo hili kwenye klabu yetu ya sarafu. Kwa kawaida nikizungumza wenzangu husinzia. Safari hii walisimama kupiga makofi. Bwana Pocklington, ambaye ana mkusanyo mkubwa kuliko wote mkoani na hajawahi kunisalimia kwa jina, alinishika mkono. Makala yangu itatoka kwenye jarida la klabu. Barua yako ilipofika ilikuwa imekwisha kwenda kwa mchapaji, ndiyo maana sikuweza kuizuia.

Jarida lenyewe ni dogo. Linasomwa na wazee wachache wenye vioo vya kukuzia.

Lionel

*

Lincoln, 26 Agosti 1962

Dada Enid,

Sijapata barua yako tangu Mei. Je, kuna mgonjwa? Soksi zimefika, za Hester zinamtosha, zangu ni za mtu mwenye miguu miwili ya kushoto, lakini navaa.

Niandikie hata mstari mmoja.

Lionel

*

Hobart, 9 Septemba 1962

Lionel,

Hakuna mgonjwa.

Bwana Hadlow, baba wa bwana harusi, hukusanya sarafu. Hulipata jarida lenu kila linapotoka. Hukulijua hilo, nami sikulijua. Aliisoma makala yako mezani kwetu, Jumapili tulipowaalika kunywa chai, keki ikiwa bado haijakatwa. Chai haikwenda vizuri.

Umesema wazee wachache wenye vioo vya kukuzia.

Ni rahisi kwako. Wewe una nafasi ya kumpenda babu aliyekufa. Mimi ninaye baba aliye hai, ninamwogesha, namkata kucha, na jirani zangu ni hawa hawa mpaka nife. Ulikwenda vitani ukasema utarudi. Umerudi lini? Umeturudishia mfungwa.

Itupe hiyo peni. Itupe mtoni, au iyeyushe, au mpe mtu, mimi nisiisikie tena.

Enid

*

Lincoln, 1 Oktoba 1962

Enid,

Barua yako nimeisoma. Hester ameisoma pia, akanikazia macho, akaenda kulala.

Peni sinayo tena. Usiwe na wasiwasi.

Lionel

*

Hobart, 11 Novemba 1962

Lionel,

Natumaini wewe na Hester ni wazima. Huku mawaridi yamechanua na sijakata hata moja kuliweka mezani.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Nitaandika moja kwa moja.

Siku ile ya chai, Bwana Hadlow aliposoma makala mpaka mwisho, alishusha miwani akauliza, "L. Orbell. Bi Enid, si jina lenu hili? Ni jamaa yenu huyu?" Hakuuliza kwa ubaya. Macho yalikuwa yakimng'aa, kama yako ukizungumza habari za medali. Lakini mke wake alikuwa ameweka kikombe chini na ananitazama, na glavu zake zilikuwa juu ya kitambaa changu cha meza, zimelala pamoja kama mikono ya maiti.

Nikasema, "Hapana. Jina tu limefanana."

Bibi Hadlow akasema, "Lakini Beryl aliwahi kututajia mjomba aliye Uingereza."

Nikasema, "Nilikuwa na kaka. Alikufa vitani."

Nilisema hivyo, Lionel. Sikushikiwa kisu. Beryl alishtuka, chai ikamwagika kwenye sahani yake. Clement akampa kitambaa. Nikawakatia keki, mkono wangu ukiwa imara kabisa, na jambo hilo ndilo linaloniogopesha zaidi ninapolikumbuka.

Baba alikuwa pale kwenye kiti chake cha dirishani. Aliinuka, akachukua fimbo yake, akaingia chumbani. Bibi Hadlow akasema, "Masikini, uzee."

Tangu siku ile hajaniita jina. Nikimletea uji anasema "ahsante, mama," kama anavyomwambia mwuguzi. Beryl ananijibu ninapomwuliza, basi. Wiki iliyopita nilikuwa namfunga Baba vifungo vya shati, akanishika kifundo cha mkono.

"Lionel anayo ile peni?"

"Ipi, Baba?"

"Usinifanye mjinga. Mwambie ailete. Nataka kuishika kabla sijafa."

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua nini?" akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimsugua babu mgongo. Mgongo wa seremala hauwi na makovu vile."

Akamalizia vifungo mwenyewe.

Najua umesema huna. Najua mimi ndiye niliyekuamuru. Kama umeitupa mtoni, basi, nitamwambia ni kosa langu. Lakini kama umempa mtu, jaribu. Sina haki ya kukuomba kitu, hasa mimi niliyekuua mbele ya keki.

Dada yako, kama bado unakubali kuniita hivyo,
Enid

*

Lincoln, 20 Januari 1963

Dada Enid,

Salamu. Usidhani nimekaa kimya kwa hasira. Nilitaka nikuandikie nikiwa na jibu, na jibu limechelewa kwa sababu yangu na kwa sababu ya theluji. Tangu siku ya pili ya Krismasi haijayeyuka. Maziwa yanaganda mlangoni na kusukuma kifuniko juu. Treni zimekwama, nakaa dirishani kuwaambia watu hakuna safari.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ujia, nikaketi chini pale pale. Nilijaribu kukasirika. Haikuwezekana, kwa maana mimi nilikwisha kufanya langu.

Nilikuambia barua yako ya Mei ilinikuta makala ipo kwa mchapaji. Si kweli. Makala ilikuwa juu ya meza ya jikoni, chini ya bakuli la sukari. Nilisoma ombi lako, nikafikiria makofi yale ya klabuni, nikabandika stempu. Hester aliniona. Alisema, "Dada yako amekuomba." Nikamwambia hajui mambo ya sarafu.

Na peni sikuitupa. Ulipoandika kwa ukali, nilijiambia, kama hawaitaki, basi. Nikaenda kwa Bwana Pocklington. Alikuwa akiitaka tangu siku ya hotuba. Alinipa sarafu moja kubwa ya fedha ya Malkia Anne, ambayo nimeitamani tangu nilipoanza mambo haya. Niliibeba nyumbani mfukoni nikiishika njia nzima. Nilimbadilisha babu wa Baba kwa malkia. Usiku huo huo nikaiweka kwenye sanduku na sikulifungua hata mara moja kuitazama.

Kwa hiyo ilinibidi nirudi kwa Pocklington. Anakaa nje ya mji, na mabasi hayakuwa yakienda, nikatembea. Mke wake alinifungulia, akanikaribisha jikoni nipate moto. Pocklington akaja na koti lake la nyumbani. Nikaweka ile sarafu ya Malkia Anne mezani.

"Nimekuja kuomba turudishiane."

Akacheka. "Orbell, mimi si duka la soko. Mapatano ni mapatano."

"Ni ya familia yangu."

"Ilikuwa ya familia yako ulipoileta Septemba. Mbona hukuliona hilo?"

Nilisema, "Baba yangu anataka kuishika kabla hajafa." Na hapo, Enid, nililia. Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, theluji inanitiririka viatuni kwenye sakafu ya watu. Mke wake akageuka kutazama birika. Pocklington mwenyewe aliona aibu kwa niaba yangu, nadhani, kwa maana alikohoa, akasema, "Lete na medali zako za Waterloo, tuone."

Nilizipeleka Jumapili iliyofuata, zote. Alizihesabu, akafunika sanduku, akanipa peni ikiwa kwenye bahasha. Mlangoni aliniambia, "Ungeniambia mapema habari za mzee, ningekurudishia bure." Sijui kama ni kweli. Nimeliwaza sana.

Nimeituma kwa ndege leo, imesajiliwa. Nimeifunga ndani ya soksi moja uliyonifumia.

Uliwaambia nimekufa vitani. Kwa miaka yote hii nimewaandikia kuhusu hali ya hewa na paka wa jirani, na wewe unamwogesha Baba. Labda hukusema uongo mkubwa sana.

Mbusu Beryl kwa niaba yangu siku ya harusi, kama hataona vibaya.

Lionel

*

Hobart, 3 Machi 1963

Kaka yangu Lionel,

Poleni na theluji, tumeisikia redioni. Huku joto ni kali mpaka nyasi zimekuwa rangi ya mkate. Harusi imekwisha. Beryl alipendeza. Gauni lilifungwa kwa pini upande wa kushoto kwa sababu alikonda kwa mawazo, na mimi ndiye chanzo cha mawazo hayo. Nikaze moyo nikusimulie yote.

Kifurushi kilifika siku tatu kabla ya harusi. Nilikipeleka kwa Baba bila kukifungua. Alikaa kitandani, akafungua mwenyewe, akatoa soksi, akacheka, "Huyu mtoto ametuma soksi moja?" Kisha peni ikamwangukia kiganjani.

Haoni tena maandishi madogo. Aliigusa kwa kidole gumba, upande mmoja, halafu wa pili. Aliigeuza, akarudia. Nikamsomea maneno. Nilipofika kwenye "usinionee haya" sauti yangu haikutoka, akangoja, nikajaribu tena, ikatoka.

Akasema babu yake hakujua kuandika. Alimpa mfungwa mwenzake mkate wake wa siku nyingi ili amchongee. Aliikabidhi kwa askari mmoja wa gereza aliyeahidi kuipeleka Marleby, na hakusikia lolote tena. Mpaka anakufa alikuwa akijiuliza kama ilifika au yule askari aliitupa. Alikuwa akimwuliza Baba, alipokuwa mtoto mdogo, kana kwamba Baba angejua.

"Upande huu wa mama yake umelika," Baba akasema. "Gusa." Akakichukua kidole changu akakiweka juu yake. Ni kweli, Lionel, upande wa jina herufi ni kali bado, lakini ule mwingine umekuwa laini, maneno yamezama. "Mtu kaishika hii," akasema. "Kaishika miaka. Askari yule alikuwa mtu mwema. Ilifika."

Akalia kidogo. Nami pia. Nilimwambia, "Baba, nisamehe kwa siku ile ya chai." Alisema tu, "Nipatie mnyororo wangu wa saa."

Kwenye karamu, alikuwa amekaa kati yangu na Bwana Hadlow, na peni inaning'inia kifuani juu ya kizibao chake kizuri. Alikuwa amemtuma Beryl kwa fundi wa vito aitoboe tundu. Najua wewe mkusanyaji utaumia kusikia hivyo. Bwana Hadlow aliumia. Aliiona, akavaa miwani, akasema kwa sauti ya mtu anayemwona malaika, "Mzee, hiyo ni nini?"

"Ya babu yangu," Baba akasema. "Aliiba koti. Alikuja huku kwa pingu."

Bibi Hadlow aliacha kula. Ningependa kukuandikia kwamba niliinuka. Sikuinuka. Nilitazama kitambaa cha meza, nikahesabu maua yaliyotariziwa. Uso ulikuwa ukiniwaka kama nimekaa kwenye tanuri.

Bwana Hadlow akaniinamia, pole pole, kama anayeniokoa. "Basi yule mwandishi wa makala, Bi Enid..."

"Ni kaka yangu," nikasema. "Hakufa. Nilidanganya."

Sijui kama sauti ilimfikia hata yeye. Na hapo Baba, akiwa anakata nyama yake, hakuniangalia, akasema, "Enid. Sema wasikie."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina tangu Agosti. Nikasema tena. Nilisema kwa nguvu kupita kiasi, Lionel, mpaka wapiga muziki waligeuka, na mhudumu akasimama na sahani mikononi. "Nina kaka, anaitwa Lionel, yuko Lincoln, anakata tiketi za treni, yu hai!" Kama mwendawazimu anayenadi samaki. Beryl aliinuka huko mbele na gauni lake lenye pini, akaja mpaka nyuma ya kiti changu, akaniwekea mikono mabegani. Aliiacha tu pale.

Bibi Hadlow aliondoka kabla ya keki. Alisema kichwa kinamwuma. Bado hajanisalimia kanisani, na Jumapili mbili zilizopita nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, nikiwa na haya hata ya kuimba. Sijui itachukua muda gani. Clement anakuja kula kwetu kila Jumatano, na baba yake amekuja mara moja peke yake, akakaa na Baba barazani wakipokezana kioo cha kukuzia.

Bwana Hadlow anasema wewe ulifanya kosa kubwa kutoa medali zote zile. Nimemwambia makosa ya nyumba hii yana foleni, asubiri zamu yake.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Baba anakohoa usiku pia sasa. Daktari amenichukua pembeni. Nauli ya ndege ni ghali, najua, na meli huchukua wiki sita. Panda meli ya kwanza itakayopatikana. Nitakuja mwenyewe kukupokea bandarini, na nitasimama mbele, mahali ambapo watu wote wataniona.

Dada yako,
Enid